"Ananisumbua": kitenzi kilichonipotezea mteja, na niliyojifunza baada yake

Jumanne iliyopita kijana mmoja anayenisoma siku nyingi aliniandikia. Anatafuta kazi ya uhariri kwa wateja wa nje, kama wengi wenu. Alituma barua pepe ya maombi, kimya. Akatuma ya kukumbushia, kimya. Akatuma nyingine mbili ndani ya juma moja. Ya tano ndiyo iliyojibiwa, na jibu lilikuwa mstari mmoja: "Please stop pestering me."

"Dada," akaniuliza, "huyu kanitukana? Kamusi inasema pester ni sumbua. Nikatazama disturb, sumbua. Bother, sumbua. Annoy, sumbua. Harass, sumbua. Sasa mimi nimemsumbua kiasi gani?"

Nilipofika kwenye swali lake la mwisho niliweka simu chini. Kiasi gani. Miaka minane iliyopita mimi sikujiuliza hivyo, na kwa kutojiuliza nilimtia matatani mtu asiye na kosa kubwa, nikamwaibisha mwanamke aliyekuwa akidai haki yake ndogo, na nikampoteza mteja niliyemtegemea kwa kila kitu. Nimeandika hapa kuhusu mitihani niliyofaulu na wateja niliowapata. Hili nimelikwepa miaka yote. Leo nalieleza.

Nilikuwa nikifanya kazi na wakala mmoja wa tafsiri. Waliniletea nyaraka za makampuni: mikataba ya ajira, kanuni za kazi, barua za wafanyakazi. Nilijiona nimefika. Siku hiyo ikaja barua ya malalamiko, kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, ya mwanamke aliyekuwa akimlalamikia msimamizi wake. Malalamiko yenyewe yalianza hivi: "Msimamizi wangu ananisumbua sana, hata siku zangu za mapumziko."

Nakumbuka vizuri nilivyowaza. "Disturbs" nililiona jepesi. "Bothers" nililiona la watoto wa shule. Nilitaka neno zito, neno litakalomwonyesha mhariri kwamba aliyefasiri hapa amesoma. Nikaandika: "My supervisor constantly harasses me, even on my days off." Ukurasa wa pili yule mama alieleza kwamba hupigiwa simu Jumamosi na Jumapili kuulizwa ripoti imefikia wapi, na simu hizo akaziita "simu za usumbufu". Kwa kuwa njia nilishaichagua, nikaandika "harassing phone calls". Nikaisoma tafsiri yangu mara ya mwisho, ikanipendeza, nikaituma.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye. Kampuni ile ilikuwa na utaratibu wake: lalamiko lolote lenye neno "harassment" haliishii kwa meneja, linakwenda kwenye kamati. Msimamizi akasimamishwa kupisha uchunguzi. Yule mama akaitwa mbele ya watu asiowajua, akaulizwa kama amewahi kushikwa, kama amewahi kutishwa, kama amewahi kuambiwa maneno machafu. Hakuelewa maswali yale yametoka wapi. Alichotaka yeye ni kulala Jumapili asubuhi bila simu kulia. Ilipobainika kwamba kasoro imo kwenye tafsiri, wiki tatu zilikuwa zimekwisha, na watu wawili waliozoea kufanya kazi pamoja hawakuweza tena kutazamana usoni.

Wakala wakaniandikia aya moja. Tafsiri yangu "ilizidisha", walisema, na hawatanipa kazi nyingine. Hawakuniuliza lile neno nililichaguaje. Mhariri wao aliipitia tafsiri ileile na kuiidhinisha, lakini jina lililotajwa kwenye aya ile lilikuwa langu peke yangu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, nalikubali. Lakini wapo waliolipitisha pamoja nami, na wakati wa kulibeba ulipofika sikumwona hata mmoja.

Miezi iliyofuata naipita haraka. Ilikuwa ya kukosa kazi na kusoma kamusi.

Nilichokigundua kwanza kilinitia aibu kuliko kosa lenyewe: kilicholegea kilikuwa Kiswahili changu. Tumezoea kusema Kiingereza kina maneno mengi mno ya jambo hili, kana kwamba sisi tunalo moja. Tunayo kuudhi na kukera. Tunayo kubughudhi. Tunayo kuchokoza. Tuna kumganda mtu kama ruba, kumwandama, kumsakama, kumzengea. Mwenye deni tunamchagiza. Anayelalamika kutwa juu ya jambo lilelile tunasema ana gubu. Kila neno lina mahali pake, wala hamna kati yenu atakayesema mtoto anayelilia kubebwa anamsakama mama yake. Masikio yetu yanajua. Ila tukishika kalamu tunaandika "anasumbua", na neno hilo pana tunalibeba zima zima mpaka kwenye kamusi ya Kiingereza, kisha tunashangaa kamusi ikitupa maneno kumi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia mpaka mnichoke: kabla hujakwenda kwenye Kiingereza, lifasiri "sumbua" kwa Kiswahili. Yule mama alikuwa akiudhiwa? Akichagizwa? Akiandamwa? Akitongozwa kwa nguvu? Ningejiuliza hivyo, "harass" lisingenijia hata kwa bahati mbaya. Alikuwa akichagizwa ripoti.

Sasa tuingie kwenye maneno yenyewe, na tuanze na mapole.

Ndani ya "disturb" mna neno la Kilatini, turba, lenye maana ya vurugu, rabsha ya watu. Palikuwa na utulivu, ukavurugwa. Ndiyo maana kitenzi hiki kinakubali usingizi, mkutano, maji yaliyotuama, hata kaburi. Kibao cha "Do not disturb" kwenye mlango wa hoteli kinamhusu hata mtu atakayebisha hodi mara moja, kwa upole, na kwa nia njema kabisa. Si lazima arudie.

"Bother" ni tabu ndogo, na Waingereza wanaitumia kama sisi tunavyotumia hodi. "Sorry to bother you" ni namna ya kuingia kwenye mazungumzo. Na "don't bother" ndiyo ile "usijisumbue" yetu, sawasawa kabisa.

"Annoy" inatoka kwenye maneno ya Kilatini in odio, yaani "katika chuki", ingawa makali hayo yamepoa kwa karne nyingi. Kinachosemwa na "annoy" kimo moyoni mwa anayeudhika. Hakimwambii msomaji kama kuna aliyekusudia. Bomba linalodondosha maji usiku kucha linaweza kuku-"annoy". Haliwezi kuku-"pester". Bomba halina linachokitaka kwako.

Hapo ndipo mlango ulipo, na nilikaa siku nyingi kabla sijauona. "Pester" inahitaji mtu anayetaka kitu, anayekiomba tena na tena, na ambaye kila ombi lake peke yake halina ubaya. Ubaya umo kwenye hesabu. Asili yake ni neno la Kifaransa la kumfunga farasi miguu asiende mbali. Baadaye masikio ya Waingereza yakalichanganya na "pest", kisumbufu kama mdudu wa shambani, na maana ikahamia huko. Kwa Kiswahili mimi naifasiri kuganda, au kung'ang'ania. Aliyeambiwa "stop pestering me" hakutukanwa. Ameambiwa umeniganda. Lakini kuna dharau ndani yake ambayo kamusi haisemi: kitenzi hiki huwahusu sana watoto, kwa hiyo mtu mzima anayekitupiwa anashushwa kidogo. Kijana wangu alihisi kitu, na hakukosea kuhisi.

Kisha kuna "badger" na "hound", na hapa naomba mnivumilie kwa sababu nayapenda maneno haya mawili kuliko mengine yote.

Badger ni mnyama wa ukoo mmoja na nyegere, mchimba mashimo, mweupe na mweusi usoni. Nilipokutana na kitenzi "to badger" nilidhani anayefanya hivyo anafananishwa na mnyama huyo, kwamba mnyama mwenyewe ni msumbufu. Ni kinyume chake. Waingereza walikuwa na mchezo wa kikatili wa kumweka mnyama huyu ndani ya sanduku au shimo na kumwachia mbwa wamrukie, wimbi baada ya wimbi, mpaka ashindwe. Bunge lao liliupiga marufuku mwaka 1835. Kitenzi kikabaki. Kwa hiyo anayebanwa kwa maswali ndiye mnyama, na anayebana ndiye mbwa. Katika mahakama za Marekani wakili akimwuliza shahidi swali lilelile kwa namna nne huku akipandisha sauti, mwenzake husimama na kupinga: anam-"badger" shahidi. Kumbana mtu, kumkamua, mpaka aseme ndiyo kwa uchovu.

"Hound" ni upande wa pili wa mchezo huohuo. Hound ni mbwa wa kuwinda, na anayem-"hound" mwenzake ndiye mbwa mwenyewe. Kitenzi kimoja kinamtazama mwindwa, kingine kinamtazama mwindaji. Tena mwindaji huyu hasimami mahali pamoja kuuliza maswali, anakufuata uendako. Wadai wanaweza kumfanyia mtu hivyo, waandishi wa habari wanaweza, mtandao mzima unaweza. Kiongozi aliyeandamwa mpaka akaachia ngazi Waingereza husema amekuwa "hounded out of office". Kumwandama, kumsakama. Hakuna haja ya kutafuta zaidi, Kiswahili kimeshafika.

Ukielewa tofauti ya hayo mawili, umeelewa karibu kila kitu nilichonacho cha kukufundisha. Yanayobaki ni kumsikiliza anayeandika.

Ila "nag" siwezi kuipita kimya. Inatoka kwenye lugha za Skandinavia, na maana yake ya zamani ni kuguguna, kama panya anavyoguguna mbao. Gubu ndilo neno letu. Anayefanya hivyo anakukumbusha jambo ambalo hujalifanya, analaumu, kesho anarudi nalo. Waingereza pia husema "nagging pain", maumivu yasiyo makali yasiyoisha, na "nagging doubt", shaka isiyokutoka. Mpaka hapo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba neno hili huwaangukia wanawake kuliko wanaume. Mume akimwuliza mkewe mara tatu kuhusu karatasi za bima, ame-"remind". Mke akiuliza mara tatu, ana-"nag". Karatasi ni zilezile. Ukiwa unafasiri mazungumzo ya nyumbani na kalamu ikakuletea neno hilo, simama ujiulize kama ni mwandishi aliyehukumu au ni wewe. Nimepitia tafsiri za wenzangu, watu hodari, ambamo "alimkumbusha tena" ya Kiswahili imegeuka "she nagged him". Mwandishi hakusema hivyo. Mfasiri alimwongezea mwanamke yule kosa ambalo hakulifanya, kama mimi nilivyomwongezea yule msimamizi. Tusifanye hivyo.

"Tease" na "heckle" yametoka wote kwenye kazi ya nyuzi: la kwanza ni kuchambua sufu, la pili ni kuchana kitani kwa kitana cha meno ya chuma. Leo la kwanza ni kutania au kuchokoza, kutegemea kama anayetaniwa anacheka, na la pili ni kumkatiza msemaji jukwaani, kuzomea. "Harry" ilikuwa ya majeshi yanayovamia na kupora. Mmeisikia kwa watangazaji wa mpira, mshambuliaji anapomkimbiza beki asimpe nafasi ya kutuliza mpira. "Hassle" ni ya Kimarekani na ni changa, nayo huelekea kwenye taratibu: fomu, foleni, njoo kesho.

Na tukiwa hapo kwenye taratibu, angalieni nomino yetu "usumbufu". Tangazo likisema "tunaomba radhi kwa usumbufu", Kiingereza chake ni "inconvenience". Hakuna aliyeonewa. Mimi niliyeandika "harassing phone calls" nilikuwa nimeyaona matangazo hayo maisha yangu yote. Sikuunganisha.

Ndiyo, "harass". Nimeliacha makusudi mpaka hapa.

Liliingia kwenye Kiingereza katika karne ya 17 kutoka Kifaransa, likiwa na maana ya kumchosha mtu hadi aishiwe nguvu. Jeshi dogo lilim-"harass" adui kwa mashambulizi ya hapa na pale usiku, ili asilale. Maana hiyo ya vita bado ipo. Lakini kwa wasomaji wengi wa leo neno hili limekuwa la sheria na la kazini, na linapotamkwa watu wanatafuta mhusika, tarehe na ushahidi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1997 ya kuwalinda watu dhidi ya vitendo hivi, na pale anayelengwa ni mtu mmoja inataka mwenendo huo uwe umetokea angalau mara mbili. Marekani, sheria ya mwaka 1977 ya wakusanya madeni inakataza kumpigia mtu simu mfululizo kwa nia ya "annoy, abuse, or harass", na kanuni iliyoanza kutumika Novemba 2021 inamchukulia mkusanya madeni kuwa amevuka mpaka akipiga zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unakwenda mbali zaidi: unasema wazi kwamba hata tukio moja linaweza kuhesabiwa.

Someni tena aya hiyo mkikumbuka swali la kijana wangu. Kiasi gani? Watunga sheria nao wamekaa wakalijibu, kila mmoja kwa hesabu yake: mara mbili, zaidi ya mara saba, mara moja. Na mimi, bila kuhesabu chochote, niliandika "constantly".

Miaka miwili baada ya kuachwa na wakala nilipata kazi nyingine ya aina ileile. Safari hii ilikuwa maelezo ya mwanafunzi kuhusu mwalimu wake, ya shirika lililokuwa likichunguza. Msichana aliandika: "Mwalimu yule ananisumbua. Nimemwambia sitaki." Mkono wangu ulikuwa umeshaungua, kwa hiyo ulikimbilia kwenye usalama. Niliandika "bothers me". Nikamaliza ukurasa, nikafunga kompyuta, nikalala.

Sikulala. "Nimemwambia sitaki." Anayechagizwa kazi ya nyumbani hasemi sitaki kwa namna hiyo. Mwanafunzi anayesahihishwa kila mara haandiki sentensi hiyo fupi peke yake, na nukta baada yake. Saa kumi na moja alfajiri niliamka nikaandika swali kwa aliyenipa kazi: kwenye sentensi hii, "kumsumbua" ni kufanya nini hasa? Naomba aulizwe mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa faragha, na mtu anayemwamini. Jibu lilikuja siku ya tatu, na lilikuwa lile nililoliogopa. Hapo "harass" ndilo neno lililostahili, na hata hilo tulilizungushia maelezo ya vitendo vyenyewe ili asije mtu akalipunguza. Mchunguzi aliniandikia kunishukuru. Barua ile ninayo. Siku ambazo aya ya wale wakala inanirudia kichwani, huitoa nikaisoma, na sioni haya kusema hivyo. Lile swali moja la alfajiri ndilo jambo ninalojivunia kuliko tafsiri zote nilizowahi kulipwa.

Angalieni sasa. Kitenzi kilekile, "ananisumbua", vinywani mwa wanawake wawili. Mmoja nilimzidishia, mwingine nilikaribia kumpunguzia, na kumpunguzia kungekuwa kubaya zaidi, maana asingepata wa kumsikiliza. Ndiyo maana sikubaliani na walimu wanaotuambia tukiwa na shaka tuchague neno laini. Neno laini linamwumiza mtu vilevile, ila yeye ataumia kimya. Ukiwa na shaka, uliza. Kama huwezi kuuliza, soma sentensi iliyo kabla na iliyo baada. Lifasiri "sumbua" kwa Kiswahili kwanza. Nilisema nitalirudia.

Kabla sijasahau, mtego mmoja wa "molest". Kwa Kilatini ni kumtia mtu tabu tu, na Wahispania mpaka leo wana molestar ya kawaida kabisa, kiasi kwamba kibao chao cha mlangoni hotelini husema "No molestar". Kwenye nyaraka za zamani za Kiingereza utakuta mtu amehakikishiwa kusafiri "without molestation", yaani bila kubughudhiwa. Lakini kwa Kiingereza cha leo kitenzi hiki ni cha udhalilishaji wa kingono, hasa wa watoto. Usikiandike ukimaanisha usumbufu, hata siku moja. Na msije mkadhani asili ya neno ndiyo maana yake, kwa kuwa nimewasimulia asili nyingi leo. "Bully", ambalo leo ni mwonevu, katika karne ya 16 lilikuwa neno la kumwita mpenzi. Asili hukusaidia kukumbuka. Maana iko kwa watu wanaolisema sasa.

Nimesema mengi na najua baadhi yenu mlitaka orodha ya kubandika ukutani. Sitaitoa. Orodha ndiyo iliyoniangusha: nilikuwa na orodha ya visawe, nikachukua lililonipendeza. Ninyi mnataka nilichokitaka mimi, mnataka mteja akisoma sentensi yenu aseme huyu anaijua lugha. Basi jueni kwamba hakuna mteja aliyewahi kunisifia neno kubwa. Wamenisifia kwa maswali niliyowauliza. Acheni kutafuta neno litakalowapamba. Aliyeandika Kiswahili kile ana maisha, ana kazi, ana mtu atakayemkabili kesho ofisini, na mkononi mwenu mna sauti yake.

Nirudi kwa kijana wangu. Kabla sijamjibu alikuwa ameshaandaa barua ya kuomba radhi, akanitumia niihakiki. Ilianza: "I sincerely apologize for harassing you." Nilimpigia simu palepale, jambo ambalo silifanyi kwa wasomaji, nikamwambia asitume. Mtu amemwambia umeniganda, naye anajibu kwa maandishi kwamba amekiri kosa lenye sheria zake. "Lakini dada, nilitaka nionekane najuta kweli," akasema. Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani.

Tukaanza upya. Nikamwuliza, kwa Kiswahili, ulifanya nini hasa? Akasema, nilituma barua pepe tano kwa siku kumi na mbili. Basi andika hivyo. Akaandika: "I'm sorry for the repeated emails. I won't write again unless I hear from you." Hakuna "pester", hakuna "bother", hakuna "disturb". Kitendo chenyewe, na ahadi. Kesho yake akajibiwa maneno mawili: "No problem." Kazi hakupewa, na sidhani atapewa na mteja yule.

Baada ya kukata simu nilifungua faili la zamani ambalo sikuwa nimeligusa miaka minane. Sentensi ya yule mama bado ilikuwamo, na chini yake ile yangu. Nikaifuta yangu, nikaandika: "My supervisor keeps calling me about work, even on my days off."

Ilinichukua dakika moja.